Kuratibu utafiti mkubwa wa uzee wa ubongo na demensia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila kituo kipya kinapojiunga na mradi, na hurudi tena kila daktari, muuguzi au mtunza data anapobadilishwa. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale yanayozuka mradi ukiwa umeshakomaa. Ukiwa na haraka, soma kwanza la 6, la 7 na la 9. Makosa mengi yasiyorekebishika hutokea hapo.

## Mambo ya msingi

1. Demensia ni nini, na inatofautianaje na usahaulifu wa kawaida wa uzeeni?

Demensia ni jina la hali, si la ugonjwa mmoja. Mtu hupungukiwa na kumbukumbu, lugha, uwezo wa kupanga mambo au wa kutambua mahali alipo, kiasi kwamba shughuli zake za kila siku haziendi tena bila msaada. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu, kwa takriban asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Vyanzo vingine ni maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo, demensia ya miili ya Lewy (vibonge vya protini ndani ya seli za ubongo), na ile inayoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo. Kwa wazee wengi vyanzo hivi huchanganyika, jambo ambalo huonekana vizuri ubongo unapochunguzwa baada ya kifo.

Kuzeeka kwa ubongo ni jambo jingine. Anayesahau jina la jirani kisha likamjia baada ya muda anazeeka tu. Asiyekumbuka kabisa kwamba jirani huyo alimtembelea asubuhi, au anayepotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote, anahitaji kuchunguzwa. Kati ya hao wawili kuna kundi kubwa la watu wenye upungufu mdogo wa utambuzi. Baadhi yao huendelea hadi demensia, wengine hubaki walivyo, na wapo wanaorudi katika hali ya kawaida. Nani atafuata njia ipi, na kwa nini, ndilo swali linalobeba miradi ya aina hii.

2. Kwa nini kituo kimoja kisifanye utafiti huu peke yake?

Kwa sababu ya muda na aina za watu. Protini ya amiloidi huanza kujikusanya kwenye ubongo miaka 15 hadi 20, pengine zaidi, kabla ya dalili. Ili kuona safari yote unahitaji watu wengi wenye afya wanaofuatiliwa kwa miaka mingi, ukijua kwamba ni sehemu tu yao watakaougua. UK Biobank ya Uingereza iliandikisha watu 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, na hakuna hospitali moja ingeweza kufanya hivyo.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni haki ya kisayansi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tunachokijua imetoka kwa watu wa nchi tajiri. Mradi wa Ibadan na Indianapolis, ulioanza mwaka 1992, ulionyesha hatari ya kutegemea upande mmoja. Ulipima Wayoruba wa Nigeria na Wamarekani weusi kwa mbinu moja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa kila mwaka Wayoruba 1.35 kati ya 100 walipata demensia mpya, dhidi ya 3.24 huko Indianapolis. Aina ya e4 ya jeni ya APOE, inayoongeza hatari ya Alzheimer, nayo ina uhusiano dhaifu zaidi na ugonjwa huo kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa wenye asili ya Ulaya. Kituo kimoja kisingeona lolote kati ya haya.

3. Mratibu hufanya nini hasa?

Huhakikisha kwamba alama 24 za jaribio la kumbukumbu zilizoandikwa katika kituo kimoja zina maana ileile katika kituo kingine. Mafunzo ya wasaili, kitabu cha taratibu, ratiba za vipimo, usafirishaji wa sampuli na ukaguzi wa fomu, vyote vinatumikia lengo hilo. Wapo wanaouona uratibu kama kazi ya ofisini inayosubiri wanasayansi wamalize kufikiri. Sikubaliani nao. Taratibu zikipishana, hakuna mtakwimu atakayejua kama tofauti kati ya vituo imetoka kwenye ubongo wa watu au kwenye mikono ya wapimaji.

4. Nani anaamua nini?

Kamati ya uongozi huamua maswali ya kisayansi na mabadiliko ya itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti. Kituo cha uratibu huamua namna ya kutekeleza. Kila kituo hubaki na wajibu kwa washiriki wake na kwa kamati yake ya maadili, na hakuna uamuzi wa juu unaoweza kupita juu ya kamati hiyo. Uamuzi uliofikiwa kwa simu na kuachwa bila kuandikwa, uhesabuni kuwa haujafanyika.

## Vipimo na sampuli

5. Je, ni lazima vituo vyote vifanye vipimo vilevile?

La. Ni lazima vyote vifanye kiini kimoja cha vipimo, na kila kituo kinaweza kuongeza vyake juu yake. Vituo vya utafiti wa Alzheimer vya Marekani vilianzishwa kuanzia mwaka 1984, lakini fomu zao za pamoja zilianza kutumika mwaka 2005 tu. Data za miaka ya kabla ya hapo ni ngumu zaidi kuunganisha. Kubalianeni kuhusu kiini kabla ya mshiriki wa kwanza, na kiwe kifupi. Kipimo kinachomchosha mzee hadi akaanza kujibu ovyo kinaharibu pia vile vinavyokifuata.

6. Tuna jaribio la kumbukumbu lililotafsiriwa vizuri. Halitoshi?

Mara nyingi halitoshi. Jaribio maarufu la MMSE, lililochapishwa mwaka 1975, humtaka mtu aandike sentensi na anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu atakosa alama hizo akiwa na akili timamu kabisa. Hata kurudia tarakimu kuna mtego, kwani katika lugha yenye majina marefu ya namba mtu hukumbuka tarakimu chache zaidi, na hilo si dalili ya ugonjwa wowote.

Kwa hiyo tafsiri ni hatua ya kwanza tu. Baada yake huja tafsiri ya kurudi kwenye lugha ya awali, kisha mazungumzo na wazee wachache ili kujua wameelewa nini, kisha majaribio kwa watu ambao tayari wanajulikana kuwa wazima na wengine wanaojulikana kuwa wagonjwa. Mwisho huwekwa viwango vya kulinganishia kwa kuzingatia umri na elimu. Orodha ya maneno ya kukumbuka isitafsiriwe neno kwa neno. Tafuteni maneno yanayolingana na yale ya awali kwa urefu na kwa jinsi yanavyosikika katika maisha ya kila siku.

Kipimo kilichotumika Ibadan na Indianapolis kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya jamii ya Cree nchini Kanada, watu wengi wasio na elimu ya darasani, na nguvu yake ilikuwa kuchanganya majibu ya mzee na maelezo ya mtu anayemfahamu. Kundi la 10/66 lililoundwa mwaka 1998 lilifuata njia hiyo pia. Jina lake lilitokana na hesabu kwamba asilimia 66 ya wenye demensia waliishi nchi zinazoendelea, ilhali chini ya asilimia 10 ya utafiti ilifanyika huko. Tazama pia swali la 10.

7. Kwa nini mnasisitiza sana dakika na chupa za damu?

Fuata chupa moja tu uone. Muuguzi anachukua damu kwenye chupa yenye EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), anaipindua taratibu mara kadhaa bila kuitikisa, anaandika saa. Damu inapelekwa kwenye mashine ya kuizungusha, kwa kawaida ndani ya saa mbili, ili plazima, yaani maji ya damu, itengane na seli. Plazima inagawanywa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja na lebo yake, na vyote vinaingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Sasa weka kasoro moja moja. Mtu wa maabara ameenda kula, damu ikakaa mezani saa nyingi: amiloidi beta inashuka, na mshiriki mzima anaweza kuonekana kama mgonjwa. Kichupa ni cha polistirini badala ya polipropilini: amiloidi inanata kwenye kuta zake na hairudi. Umeme umekatika, sampuli ikayeyuka na kuganda tena: thamani zimebadilika na hakuna ishara ya nje. Lebo haikuwa ya baridi kali: imebanduka, na plazima ya mtu aliyejitolea haina mwenyewe tena. Nyingi ya kasoro hizi hazionekani kwa macho, ndiyo maana saa huandikwa papo hapo, si jioni kwa kukumbuka.

Jambo jingine linalosahaulika ni figo. Ugonjwa sugu wa figo huweza kupandisha kiwango cha p-tau, protini inayotumika kama alama ya Alzheimer, kwenye damu bila kuwapo kwa Alzheimer. Pimeni kreatinini, inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, ya kila mshiriki.

8. Mashine zetu za MRI (za kupiga picha za ubongo kwa sumaku) ni za kampuni tofauti. Je, ni tatizo?

Ni tatizo linalotibika. Mradi wa ADNI wa picha za ubongo na Alzheimer, ulioanza Marekani mwaka 2004, ulifanya kazi kubwa ya kulinganisha mashine kwa kupiga picha za kifaa maalumu chenye vipimo vinavyojulikana na kwa kukubaliana mpangilio wa kila aina ya mashine. Fanyeni hivyo, na pale inapowezekana pigeni picha za watu walewale katika vituo tofauti. Kinachoumiza zaidi ni programu ya mashine kusasishwa katikati ya mradi bila kituo cha uratibu kuambiwa. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, inaweza kuonekana imepungua kumbe ni programu iliyobadilika.

## Washiriki na familia zao

9. Mtu mwenye demensia anaweza kutoa ridhaa?

Wengi wanaweza, hasa mwanzoni, na utambuzi wa ugonjwa peke yake haumwondolei mtu haki hiyo. Uwezo hupimwa kwa uamuzi ulio mbele yake: anaelewa anachoombwa, anatambua kwamba kinamhusu yeye, anaweza kupima faida na hatari, na anaweza kusema chaguo lake. Mtu anaweza kuwa na uwezo wa kukubali mahojiano na asiwe na uwezo wa kukubali sindano ya mgongoni ya kuchukua maji ya uti wa mgongo. Msimpime akiwa amechoka, na msimwombe kurudia maneno ya fomu kama shairi. Mwombeni aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

Uwezo ukipungua, mwakilishi anayetambuliwa na sheria ya nchi husika hutoa ridhaa kwa niaba yake, akiongozwa na yale ambayo mshiriki mwenyewe angeyataka. Kwa hiyo mwulizeni mapema, angali na uwezo, angependa nini siku hiyo ikifika, na muandike. Na hata karatasi ikiwa imesainiwa na kila mtu, mzee akirudisha mkono wake nyuma anapoona sindano, kazi inasimama. Katika hili hatutoi nafasi ya majadiliano.

10. Kwa nini kila mshiriki aje na mtu wa karibu?

Kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kumficha mtu upungufu wake. Mshiriki anaweza kusema kwa uaminifu kamili kwamba bado anajisimamia mwenyewe, huku binti yake ndiye anayegawa dawa na kulipa bili. Mtu wa karibu ahojiwe peke yake, chumba kingine. Mbele ya mzazi au mwenza wengi hupunguza makali ya ukweli kwa heshima, na ni haki yao.

Ulizeni mambo yanayoonekana. Swali "kumbukumbu yake ikoje?" huleta jibu "si mbaya kwa umri wake." Swali "ni jambo gani alilokuwa akilifanya mwaka jana ambalo sasa ameliacha, na aliliacha kwa nini?" huleta habari ya jiko lililoachwa linawaka. Andikeni pia ni nani aliyejibu. Mwaka huu akija mke na mwakani akija mjukuu, alama zinaweza kubadilika bila ubongo kubadilika.

11. Washiriki wanapungua kila mwaka. Tufanyeje?

Wanaoacha si sawa na wanaobaki. Mara nyingi wanaopotea ni waliozidiwa, kwa hiyo kundi linalobaki huonekana zima kuliko ukweli. Kuwa na njia fupi: ziara ya nyumbani, mahojiano ya simu, au maelezo ya mtu wa karibu pekee. Data pungufu ni bora kuliko ukimya, mradi iandikwe ilipatikana vipi. Na muuguzi anayejulikana kwa sura na jina huwabakiza watu kuliko zawadi yoyote. Bajeti ilinde nafasi yake.

12. Kuchangia ubongo baada ya kifo kunafanyikaje, na kuna ulazima?

Hakuna ulazima, na kukataa hakumtoi mtu kwenye mradi. Lakini faida yake haina mbadala, kwa kuwa hata vipimo vipya vya damu hupata uzito vikilinganishwa na tishu yenyewe. Mwaka 1986 David Snowdon alianza utafiti uliokuja kuwa na masista 678 wa Kikatoliki nchini Marekani, ambao walikubali kutoa ubongo wao baada ya kufa. Baadhi yao walikutwa na uharibifu mwingi wa Alzheimer ilhali walikuwa na akili timamu hadi mwisho. Ugunduzi huo ulisukuma sana utafiti wa akiba ya utambuzi, yaani uwezo wa ubongo kuendelea kufanya kazi vizuri licha ya uharibifu.

Mazungumzo yafanyike mapema, na familia nzima iwepo. Kukubali kwa mshiriki hakusaidii kama kijana wake anaisikia habari hii kwa mara ya kwanza akiwa msibani. Elezeni kwamba mwili unarudishwa kwa mazishi na kwamba uso hauguswi. Kuwe na namba ya simu inayopokelewa saa 24, maana kadiri saa zinavyopita tishu hupoteza ubora. Desturi za dini za kuzika haraka ziheshimiwe: timu ndiyo iharakishe, si familia ingoje.

13. Tuwape washiriki majibu ya vipimo vyao?

Linalohitaji tiba ya haraka, kama uvimbe ulioonekana kwenye MRI, lipelekwe kwa daktari wa mshiriki bila kusubiri. Vipimo vya amiloidi, p-tau na APOE vinahitaji sera iliyoandikwa kabla ya kuanza. APOE e4 huongeza hatari lakini haitoi hukumu: wapo wenye nayo wasiougua, na wasio nayo wakaugua. Utafiti wa REVEAL, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2009, uliona kuwa watoto wazima wa wagonjwa walioambiwa hali yao ya APOE pamoja na ushauri nasaha hawakupata madhara makubwa ya kisaikolojia ya muda mrefu. Kwa maoni yangu hoja ya "tutawatisha" imetumika kupita kiasi. Kinachotisha ni jibu lililotumwa kwa barua bila mtu wa kulieleza.

## Data na machapisho

14. Nani mwenye data, na nani aruhusiwe kuzitumia?

ADNI iliweka data zake wazi kwa watafiti wa dunia nzima wanaoomba na kukubali masharti, bila kungoja waanzilishi wamalize kuchapisha. Uamuzi huo ulizaa maelfu ya machapisho, na ni mfano mzuri kuiga. Lakini uwazi usio na usawa hugeuka uporaji. Kituo kinachokusanya damu kwa miaka mingi bila watakwimu wake kitapitwa na kundi lenye kompyuta kubwa ndani ya wiki moja. Mkataba uweke mafunzo ya uchambuzi kwa vituo vyote na muda wa kipaumbele, mfupi na wenye tarehe ya mwisho. Ridhaa aliyoitoa mshiriki ndiyo mpaka wa yote, na kamati haina mamlaka ya kuupanua.

15. Tukiondoa jina, picha ya MRI ni salama kusambazwa?

Bado si salama. Picha ya kichwa ina uso. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walionyesha kuwa programu ya kutambua nyuso iliweza kuoanisha MRI na picha ya kawaida ya mtu kwa asilimia 83 ya watu 84 waliojitolea. Futeni uso kwenye picha kabla ya kuisambaza, ondoeni tarehe kamili ya kuzaliwa kwenye faili, na kumbukeni kwamba umri mkubwa sana pia unaweza kumtambulisha mtu.

16. Majina ya waandishi yanapangwaje?

Kwa vigezo vinne vinavyotumiwa na majarida ya tiba: mchango halisi, kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi. Wauguzi na wasaili wapewe nafasi ya kuhakiki rasimu, la sivyo kigezo cha pili kinakuwa ukuta dhidi yao.

## Yanayozuka baadaye

17. Kipimo bora kimetokea katikati ya mradi. Tubadilishe?

Ongezeni kwanza, msibadilishe. Tumieni kipya na cha zamani kwa pamoja kwa kundi la washiriki hadi mpate daraja la kuoanisha alama. Kwa damu ni rahisi zaidi: kipimo cha p-tau217, aina mojawapo ya p-tau, kilipojitokeza, wenye plazima iliyohifadhiwa vizuri waliweza kurudi kwenye friza na kupima miaka iliyopita. Sampuli za mshiriki mmoja zipimwe kwa mkupuo mmoja, ili tofauti kati ya miaka isiwe tofauti ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Hapo ndipo uangalifu wa swali la 7 hulipa.

18. Mshiriki ameanza kutumia dawa mpya ya kuondoa amiloidi. Tumtoe?

Abaki. Lecanemab iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, na washiriki wengine watazitumia. Andikeni jina la dawa na tarehe ya dozi ya kwanza, kwa kuwa tangu siku hiyo picha za amiloidi na vipimo vya damu havielezi tena mwendo wa asili wa ugonjwa. Dawa hizi zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja kwa damu kwenye ubongo, na hatari ni kubwa zaidi kwa wenye nakala mbili za e4. MRI ya utafiti ikionyesha dalili hizo, inaingia kwenye kundi la dharura la swali la 13.

19. Data za kituo kimoja zinatia shaka. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa kuuliza, tena kwa adabu. Alama zisizotofautiana, mahojiano yote yenye dakika zilezile, au wingi wa namba zinazoishia na sifuri mara nyingi huonyesha uchovu na mafunzo hafifu. Nendeni mkaketi kwenye chumba cha mahojiano. Msifute wala kurekebisha kitu bila kuacha kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini. Ikithibitika kwamba data zimetungwa, kamati ya maadili ijulishwe, na uchambuzi wa machapisho yaliyozitumia urudiwe bila data za kituo hicho.

20. Ufadhili ukiisha, data na sampuli zinakwenda wapi?

Liamuliwe mwaka wa kwanza. Friza zinahitaji umeme na mtu wa kuzitazama miaka mingi baada ya mshahara wa mwisho, kwa hiyo benki ya sampuli itakayozipokea itajwe kwa jina kwenye mkataba, na zihamishwe kwa masharti yaleyale ya ridhaa. Data zihifadhiwe katika muundo usiotegemea programu ya kulipia, pamoja na kamusi inayoeleza kila safu. Washiriki waambiwe mradi unafungwa, uligundua nini, na nani wampigie wakitaka kujitoa. Barua hiyo iandaliwe na kusambazwa bajeti ikiwa bado wazi, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayelipwa kuipeleka.